Ngazi Zisizo na Pa Kupishana

Siku hizi watu wanapanda ngazi zile kwa kujifurahisha. Nawaona Jumapili baada ya ibada, makarani na walimu na wake zao waliovaa viatu vyeupe. Wanaanzia kule mtoni Themi na kupanda wenyewe bila kuongozwa na mtu, wanasimama kila penye nafasi kuutazama mlima, na wanasema Mjerumani alikuwa fundi. Juzi mmoja wao, kijana wa heshima tu, aliniamkia shikamoo akaniuliza kama naijua habari ya ngazi zile. Nikamwambia naijua. Akasema ingefaa niiandike, maana mgeni akipanda peke yake hana wa kumweleza anakanyaga nini. Basi naandika. Asipoipenda, shauri yake.

Kusoma nilijifunza ukubwani, misheni. Kiswahili nilikijua kabla ya hapo, kwa kutukanwa na askari wa Mjerumani. Msomaji akiona nina maneno makali ajue ndiyo niliyofundishwa kwanza.

Anzia chini, pale penye jiwe tambarare ambapo wenye viatu hukaa kufunga kamba. Pale palikuwa na njia yetu. Ilikuwa inapinda huku na huku katikati ya migomba mpaka juu, na kila ilipopinda palikuwa na mahali pa kujibanza. Mtu wa mji asidhani tulipindisha njia kwa kuwa hatukujua kunyoosha. Kwetu sisi Wameru wa wakati ule, mama hakutani uso kwa uso na mume wa binti yake. Akimsikia anakuja, mmoja wao anaingia migombani, anageuza mgongo na kungoja. Aliyepita akishafika mbali, asikoweza kuonekana, anaita, "Nimepita!" Ndipo yule mwingine anatoka. Neno hilo lisiposemwa hutoki, hata mvua ikunyeshee. Si uadui, ni heshima, ingawa mimi na mkwe wangu tulikuwa nao uadui pia.

Wajerumani walipokitaka kilima kile kwa ajili ya nyumba zao, walichukua wanaume wetu wakawabebesha mawe kutoka mtoni. Kaka yangu aliangukiwa na jiwe mguuni akachechemea mpaka kufa kwake. Waliochelewa walilazwa chini wakapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, maana hiyo ndiyo hesabu waliyoipenda, na neno lenyewe watoto wetu walilijua kabla ya kujua kuhesabu. Ngazi zikaenda juu moja kwa moja, hazipindi popote mpaka karibu na kileleni. Upande mmoja setla akazungushia kahawa yake uzio na mbwa. Upande wa pili ni jabali. Njia yetu ikang'olewa.

Siku ya kuzifungua tuliitwa wote. Bwana aliyesimamia kazi alisema, na mkalimani wake, mtu wa pwani mwenye kanzu safi, akatueleza kwamba hizi ni ngazi za watu wote, Mzungu na Mwafrika, mwenye mzigo na asiye na mzigo. Sisi wanawake tulikuwa tunazitazama tu. Pale katikati walikuwa wameukata mlima ndani kabisa, na kuta za mawe zimemzidi mtu kimo, huku na huku. Jirani yangu akauliza kwa sauti, "Na mkwe atapishwa wapi?"

Mkalimani akacheka. Sijui alimwambia nini bwana wake, lakini jibu lililorudi ni kwamba kila mtu apite kuliani kwake. Tukauliza tena. Tukajibiwa tena kwamba kila mtu apite kuliani kwake, na mwenye kichwa kigumu atafundishwa. Tukarudi nyumbani. Wamejenga kitu kikubwa kiasi kile na hapakuwa na hata mmoja wao aliyewahi kumheshimu mama mkwe wake.

Sasa ujue kuhusu mkwe wangu. Simtaji jina, na hata ningetaka, jina lake mimi siruhusiwi kulitamka. Binti yangu nilimtafutia mwanamume mwenye migomba karibu na yangu, mpole, wa kumsengenya jioni tukacheka. Yeye akamtaka huyu wa juu kilimani. Alikuja kuposa na pombe ya ndizi iliyotulia vizuri, hilo sikatai. Lakini alikuwa mwepesi mno mbele ya Mjerumani. Wenzake wote wa kule juu walifukuzwa, nyumba yake ikaachwa, kwa sababu alikubali kuwa mnyapara wa ngazi. Wakampa koti la khaki na firimbi. Koti lile alilivaa hata jua la utosi, jasho likimtiririka, na watu wa mtoni wakamwita Bwana Ngazi.

Kazi yake ilikuwa kusimama pale katikati, kwenye kuta ndefu, toka asubuhi mpaka jioni. Aone watu wanapita kulia, wasiteme mate, wasipitishe mbuzi. Mzungu akipita, amgeukie na kumpigia saluti. Kumpa Mzungu mgongo ilikuwa kosa kubwa kuliko kupitisha mbuzi.

Kwa hiyo mimi sikupanda. Tangu binti yangu aolewe hadi siku ninayoieleza sikuwahi kuiona nyumba yake, na kutoka kwangu hadi kwake si mbali, ungeweza kuuona moshi wake. Yeye ndiye aliyeshuka. Tulikutana mtoni, akaniletea habari zake na mimi nikamletea maziwa. Mimba ilipokuwa kubwa akaacha kushuka, kwa kuwa vipandio vile vilikatwa kwa kipimo cha mguu wa Mzungu mrefu mwenye buti. Sisi tulivipanda kwa kushika magoti. Nikawa naulizia habari zake kwa wachota maji. Nilimchukia mume wake kila siku, asubuhi nikiamka na jioni nikifunika moto.

Asubuhi moja ya ukungu, mke wa shemeji wa binti yangu, aliyekaa nao kule juu, akaja kwangu anahema. Akaniambia, "Mama, chupa ilipasuka tangu jana. Mtoto haji. Anakuita."

Pale kileleni hapakuwa na mwanamke wa kumsaidia isipokuwa huyo, naye hajawahi kuzalisha hata mbuzi. Mama wa mkwe wangu alikwisha kufa. Na mimi ndiye niliyekuwa nazalisha mteremko mzima, watoto wa watu wote nimewapokea kwa mikono hii. Nikamtuma atangulie amshike binti yangu, asimwache alale chali. Nikachukua mkoba wangu wenye samli na wembe, nikajifunga kaniki, nikaenda kwenye ngazi.

Wewe unayepanda leo, ukiwa bado hujachoka utapita palipokuwa duka la Mhindi. Mlango wake ulikuwa mkono wa kulia. Pale askari alinizuia akataka kuona nilichobeba. Akaushika wembe, akaugeuzageuza, akaniuliza nakwenda kumchinja nani. Nikamwambia nakwenda kuzalisha. Akasema mbona Waarusha na Wameru wanazaa kila siku, hawaishi. Akacheka peke yake. Nilimngoja amalize kucheka, kwa kuwa wembe alikuwa nao yeye. Aliponirudishia nilipita bila kumshukuru.

Juu ya duka kuna nafasi yenye benchi la mawe, mnakopenda kukaa na kusifu upepo. Nilipofika pale wanawake wawili wa Kizungu walikuwa wanashuka, na amri ilikuwa kwamba wakishuka wao sisi tusimame ukutani mpaka waishe. Nikasimama. Wakafika kwenye benchi, wakakaa. Mmoja akavua kiatu akakitikisa, kichangarawe kimemwingia. Wakazungumza. Mwingine akaniona namtazama, akatabasamu, nadhani alidhani namfurahia. Binti yangu yuko juu amepasukiwa chupa tangu jana, na mimi nimebanwa ukutani nangoja mguu wa mtu upumzike. Nilitamani wateleze wakiinuka. Hawakuteleza.

Nyuma yangu wakati huo alikuwa amefika mbeba mawe mmoja, Mwarusha, ana jiwe kichwani na hasira usoni. Kazi ya kuta haikuisha kamwe, kila masika mawe yalidondoka na kila masika watu walibebeshwa mengine. Tukaanza kupanda wote, mimi mbele, yeye nyuma, mpaka pale kuta zinapoanza.

Pale nikasimama. Sikuinua macho. Nilijua yuko juu kidogo tu, nilizisikia buti zake, maana na buti walikuwa wamempa. Nikakohoa kama inavyotakiwa. Kisha nikaita kwa Kimeru, bila kumwita yeye, nikiuambia ukuta, "Mkwe anapita!"

Buti zikanyamaza.

Sauti haikukatazwa kwetu kama uso, lakini kuzungumza moja kwa moja ni utovu wa adabu. Unampa mtu wa tatu maneno. Hapakuwa na mtu wa tatu ila Mwarusha na jiwe lake. Mkwe wangu akasema kwa Kiswahili, ili Mwarusha asikie, "Ndugu, mwambie mama arudi chini. Mimi siruhusiwi kuondoka hapa."

Mwarusha akaniambia, "Yeyo, anasema urudi." Hivyo ndivyo wao wanavyomwita mama.

Nikasema, "Mwambie mke wake anakufa."

"Anasema mke wako anakufa."

Kisha, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mwambie najua. Niliomba ruhusa alfajiri. Bwana amekataa."

"Anasema anajua. Bwana amemkatalia. Na mimi nasema shingo yangu inavunjika, malizeni."

"Mwambie apande juu mpaka kwenye kona, nipite."

"Anasema panda mpaka kwenye kona."

"Mwambie bwana amekaa pale kwenye kona. Nikiondoka hapa ananiona."

Mwarusha hakulirudia hilo. Alitema mate ukutani, mbele ya mnyapara, na mnyapara hakupuliza firimbi. "Nyinyi Wameru," akasema, "mtu mmoja anazaa na wawili wanaona haya. Yeyo, funga macho upite!"

Nikamwambia funga macho wewe, na mama yako pia. Nasema kweli, nilimchukia yeye, nikamchukia bwana na kiti chake, nikamchukia yule aliyeolewa juu badala ya kuolewa chini, na zaidi ya wote nikamchukia huyu mwenye koti aliyekubali kusimama mahali ambapo hakuna pa kupishana. Alilijua hilo siku anapewa firimbi. Angeweza kukataa, akalima, akala ndizi zake kama watu.

Tena ikaja sauti yake, taratibu. "Ndugu, mwambie mama apite. Nitatazama ukuta."

Mwarusha akaanza kuniambia nikamnyamazisha, nimesikia.

Nikajifunika kaniki kichwa chote, nikabakisha upenyo wa kuona miguu yangu. Nikashika ukuta wa upande wangu kwa kiganja, nikapanda. Niliona buti zake zimenigeuzia visigino, vidole vimegusa jiwe, amejibana pale kama mtoto aliyepewa adhabu. Ngazi zile zina nafasi ya mzigo na mtu mmoja. Kaniki yangu ilimgusa koti mgongoni. Katika maisha yangu sikuwa nimewahi kuwa karibu naye kiasi kile. Nikapita.

Lakini kupita kwetu si kumvuka mtu tu. Kupita ni mpaka usionekane. Kwenye njia yetu ya zamani ningepiga hatua chache, migomba ikanificha, nikaita. Kwenye ngazi za watu wote ilinipasa nipande mlolongo ule wote ulionyooka mpaka kwenye kona ya juu. Mkitaka kujua ni mrefu kiasi gani, ndio ule mnaoulalamikia nyinyi, mnapoanza kupeana mikono.

Nilikuwa katikati yake nikasikia buti nyingine, zinashuka. Nikajibana kulia kwangu kama sheria inavyosema. Bwana akanipita. Hakunitazama, mimi kwake nilikuwa sehemu ya ukuta. Alikuwa anatazama chini, na alichokiona ni mnyapara wake, mbele ya mbeba mawe, amempa mgongo.

"Nyapara!"

Nilijua hatageuka. Akigeuka ataniona, na mimi mwili mzima niko wazi kwenye ngazi, hakuna jani la kunificha. Nikapanda. Nilishika goti, nikainua, nikashika lingine. Vipandio vya watu warefu!

"Nyapara!"

Nikasikia Mwarusha anasema jambo kwa Kimaa, upesi, kama anayemwonya mtu. Sikusikia buti za mkwe wangu zikigeuka. Nilikuwa napanda na pumzi imenikatika, mkoba unanipiga ubavuni, na kila nikiinua macho kona iko palepale. Kungekuwa na kijiti kimoja cha kujificha ningeita hapohapo. Ningeweza kuita uongo, kumwambia nimepita na bado niko wazi, akageuka akamsalimu bwana wake na mambo yakaisha. Sikuliwaza hilo, na kama ningeliwaza nisingelifanya. Neno lile halisemwi hovyo.

Nilipoizunguka kona niliegemea jiwe, nikaita kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo, "Nimepita!"

Ndipo, nadhani, akageuka. Sikuona. Nilichosikia ni bwana anaita askari kule chini dukani, na kisha kwa Kiswahili chake kibovu, lakini maneno hayo aliyajua sawasawa, "Hamsa ishirini!"

Nyumba yao ilikuwa hapohapo ngazi zinapoishia. Ndiyo pale pana mti wa maua mekundu sasa, na mnaketi kula machungwa. Binti yangu alikuwa amepiga magoti ameshika nguzo, na yule mke wa shemeji amemkumbatia kwa nyuma, wote wawili wanatetemeka. Nikaingiza mikono kwenye samli. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, amekingama, bega ndilo lililotangulia. Nikamwambia binti yangu asisukume hata akisikia nini, avute pumzi ndogondogo. Nilimgeuza yule mtoto polepole kutoka nje na kutoka ndani, na binti yangu hakulia, alikuwa anauma kamba ya ngozi. Ilichukua muda. Nikakihisi kichwa kimeingia njiani.

Hapo ndipo kiboko kilipoanza chini. Mlio wake haufichiki, kwa kuwa kuta zile zinaupandisha juu wote. Kiboko, kisha kimya, kisha kiboko. Watu wa mawe wakipigwa hulia, humwita mama, humwomba Mungu. Huyu hakutoa sauti.

Binti yangu aliitoa kamba mdomoni. "Mama," akasema, "nani anapigwa?"

"Mbeba mawe mmoja," nikamwambia.

"Maskini. Mume wangu yupo pale, atamwombea."

"Ndiyo, mwanangu, atamwombea. Sasa sukuma."

Akasukuma. Mtoto alitoka kabla hawajamaliza.